Kisanduku cha Tatu

1

Fausta Ntandu aliingia kitaluni kinyumenyume, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miezi tisa. Alisukuma mlango kwa mgongo, akarudi hatua kwa hatua hadi kisigino kikagusa stuli, akaketi akiwa ameyapa kisogo makabati ya kioo. Mapajani alipakata mfuko wa karanga za kukaanga, bado za moto.

"Wifi, halijambo?" aliuliza huku akiutazama ukuta.

Adventina, aliyekuwa mbele ya kabati na kibomba cha kudondoshea mkononi, alifungua kinywa.

"Usijibu!" Fausta akaangua kicheko mpaka mabega yakamtikisika, kisha akakunja uso kidogo, maana mabega hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakimuuma.

Wanawake wengine sita waliokuja kuyaona machipukizi yao siku hiyo walicheka pamoja naye. Walishauzoea mchezo huo. Magdalena Kitundu, mwendesha kreni mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, alikuwa amegandisha pua kwenye kioo akiliimbia la kwake, ambalo alikuwa amelipa jina la Kisura. Mwenzake mmoja alikuwa akipiga picha za kuwatumia wajukuu. Nje, pembezoni mwa Ziwa Kindai, heroe walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja kwenye maji ya chumvi, na nyuma yao, mpaka macho yanapokoma, minara ya upepo ya Singida ilikuwa ikizungusha mapanga yake bila haraka.

Wanawake hao wote waliipanda minara hiyo. Mkanda wa usalama uliwakata mabega, vipandio viliwala magoti, na jioni kila mmoja wao alimeza kidonge cha tulizo, kile cha njano kinachouzwa kila duka pamoja na kiberiti na sabuni. Walikuwa wamekinywa kwa miaka mingi, kama mama zao. Na kwa muda wote huo watu wa sayansi walikuwa wakivutana juu ya jambo moja: miaka ya tulizo inayafanyia nini matiti ya mwanamke? Wapo waliosema inapunguza hatari ya saratani. Wapo waliosema haifanyi lolote, na wapo waliosema kuna wanawake inawaongezea. Shida ni kwamba walikuwa wakiwahesabu wanawake maelfu kwa mkupuo, wakitafuta jibu moja la kuwatosha wote.

Kitalu kilimuuliza kila mmoja peke yake. Mwanamke alitoa chembe ya nyama ya titi, ndogo kama punje ya ulezi. Adventina aliigawa katika visahani kumi, akailisha maji mazito waliyoyaita uji, akaiweka katika joto la mwili na kuiharakisha: mwezi mmoja ndani ya kabati ulikuwa sawa na mwaka mmoja wa maisha. Visahani vitano vya kulia vilipewa tulizo kwa kipimo kilekile alichokinywa mwenyewe. Vitano vya kushoto havikupewa. Jozi tano, ili bahati isidanganye mtu. Chembe iliyokua waliiita chipukizi. Likiwa zima, chini ya hadubini lilionekana kama kishada cha zabibu za kioo, kila zabibu chumba kitupu, safi. Likianza kuharibika, chumba kilijaa.

Asubuhi hiyo, kabla hajawafungulia wageni mlango, Adventina alikuwa ametazama trei namba themanini na nane. Visahani vya kulia, vyote vitano, vilikuwa safi kama umande. Vya kushoto, vinne kati ya vitano vilikuwa vimejaa.

Alikuwa amesoma jina kwenye trei mara tatu, ingawa alilijua. Chini ya jina palikuwa na nakala ya fomu yenye visanduku viwili vya kuweka alama. Cha kwanza kiliandikwa *Niambie*. Cha pili, *Usiniambie*. Fausta, dada wa mume wake, alikuwa ameweka alama kwenye cha pili, kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Jamani, nisikilizeni," Fausta alisema sasa, akiwa bado ameukabili ukuta. "Kaka amemkubali Elieza. Harusi ni Itigi, baada ya wiki tano!"

Vigelegele vilipasuka hata Daktari, mkuu wa kitalu, akachungulia kutoka ofisini. Wote walimjua Elieza Mpinga, mrina asali aliyeitwa mwaka uliopita kuwatoa nyuki waliokuwa wameweka makao ndani ya mnara namba kumi na tisa. Alikuja kwa kazi ya siku moja, akakaa wiki mbili, na nyuki walikuwa wameondoka siku ya kwanza. Fausta alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane kwa miaka kumi na mmoja.

"Na kabla ya hapo nashuka mnarani moja kwa moja," aliendelea. "Miaka ishirini na saba inatosha. Na siku hiyo hili kopo mnaliona?" Aliinua juu kopo la vidonge vya njano, akalitikisa kama kayamba. "Nalitupa pipani mbele yenu wote. Mabega yakipumzika, tulizo la nini?"

"Tupa!" Magdalena alijibu, na wenzake wakaitikia.

Adventina naye alicheka, kwa sababu wote walicheka. Tone la uji lilimdondoka kutoka kwenye kibomba likaangukia kiatu chake.

2

Daktari Sekela Mwakyoma alikuwa mdogo kwa Adventina kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo alimwita dada hata pale alipomkaripia. Alizitazama picha za trei namba themanini na nane kwa muda mrefu, miwani ikiwa imesukumwa juu ya paji la uso.

"Nne kwa tano," alisema.

"Nne kwa tano. Na kulia hakuna hata kimoja."

"Mwaka wa tisa."

"Wa tisa. Atakuwa na sitini na mmoja." Adventina aliketi bila kukaribishwa. "Na anataka kuacha kidonge, Daktari. Anataka kukitupa kwa shangwe. Wameshaalikana."

Sekela alishusha miwani. "Chipukizi si mwili mzima, unajua. Halina moyo, halina tumbo, halijawahi kucheka. Hukosea mara moja kwa kila tano."

"Na zile nne?"

Daktari alizirudia picha, moja baada ya nyingine.

"Nimwambie aendelee kwa ajili ya mabega," Adventina alisema. "Basi. Nimwambie mabega ya mtu aliyepanda miaka ishirini na saba hayaponi kwa wiki mbili."

"Umdanganye."

"Nimwokoe!"

"Utamdanganya ili umwokoe, naelewa. Lakini wapo wengine mia mbili na kumi na mmoja, dada. Siku watakapojua, na watajua, kila neno letu wataligeuza kutafuta kilichofichwa nyuma yake. Tukimwambia mtu yu mzima hatalala."

"Basi nimuulize kama bado hataki kujua. Fomu ni ya miezi tisa iliyopita. Hakuwa na mchumba."

"Kumuuliza ni kumwambia. Nani huendewa mlangoni kuulizwa kama kweli hataki kujua? Ni yule ambaye kuna la kumwambia." Sekela alizipanga picha taratibu, akazigeuza kifudifudi. "Mwaka wetu wa kwanza kulikuwa na mtunzaji mmoja, mwema kama wewe. Alimwambia mwanamke aliyekuwa ameomba asiambiwe. Mwanamke yule alihama mji. Mpaka leo hatujui yuko wapi, na hakuna dawa tuliyoweza kumpa mtu tusiyejua alipo."

Adventina aliinuka akaenda hadi mlangoni. Mkono ukiwa kwenye kitasa, aligeuka.

"Tuwaulize wote."

"Wote?"

"Mia mbili na kumi na wawili. Fomu mpya, maneno yaleyale. Watu hubadilika, Daktari, hilo si uongo. Akiulizwa kila mtu, hakuna aliyeambiwa kitu."

Sekela alitazama dirishani, kwa heroe. Halafu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitabasamu, akavuta kalamu.

"Utazipeleka mwenyewe. Na kwa uso uleule kwa kila mtu, dada. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Adventina, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kushinda mchezo wa karata, kwa kuwa kila aliyecheza naye alizisoma karata zake usoni.

3

Kazi ilimchukua siku kumi na mbili. Alizunguka kwa pikipiki ya umeme kutoka mnara hadi mnara, kati ya mashamba ya alizeti yaliyokuwa yamechanua, fomu zikiwa mkobani. Wiki ya kwanza ilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Wanawake walimpa uji wa uwele, walimpa habari, walimgombania. Wengi hawakubadili kitu. Thelathini na mmoja walibadili, na kila mmoja alikuwa na sababu yake: huyu amejifungua, huyu ameokoka, huyu amegombana na dada yake ambaye anajua na hanyamazi.

"Mimi niambie!" Magdalena alipaza sauti kutoka juu kwenye kreni, hata kabla hajaiona fomu. "Niambie hata Jumapili! Niambie hata nikiwa chooni!"

Alikuwa ameshaambiwa mwezi uliotangulia: kwake tulizo halikuongeza wala kupunguza. Alitaka tu kuambiwa tena.

Mnara namba kumi na tisa Adventina aliuweka siku ya mwisho.

Fausta alishuka na mikono yenye grisi hadi viwiko. Aliketi kwenye kipandio cha chini, akaipokea fomu kwa vidole viwili ili asiichafue.

"Si ileile hii?"

"Ileile. Tunawauliza watu wote upya."

"Hata Magdalena?"

"Hata Magdalena. Alijibu kabla sijamuuliza."

Fausta alicheka. Halafu akaitazama karatasi, na upepo ukaipigapiga mikononi mwake. Adventina alijishughulisha na kuvua kofia ya pikipiki. Aliivua taratibu sana.

"Wifi, mama yetu hukumkuta," Fausta alisema. "Alikuwa fundi cherehani. Nguo zote za komunyo za parokia nzima zilipita mikononi mwake. Siku waliyomwambia, alirudi nyumbani akafunika cherehani kwa kitenge. Nilipomwomba anishonee gauni alinijibu, nikushonee gauni ambalo sitakuona ukilivaa? Akaishi miaka sita baada ya hapo. Miaka sita, wifi! Alikuwa anatembea, anakula, anakwenda kanisani. Ila mimi najua alikufa siku aliyoambiwa, na kumzika tu ndiko kulikochelewa."

"Pole, wifi."

"Nimeshapoa. Ninachosema ni kwamba kuna mizinga arobaini Itigi inaningoja. Kuna mwanamume ambaye ananichekesha mpaka nashika mbavu. Sitaki mgeni mwingine kwenye harusi yangu." Akaweka alama kwenye kisanduku cha pili, akamrudishia fomu ikiwa na alama ya dole gumba lenye grisi pembeni. "Umekonda. Kaka yangu hakulishi?"

"Ananilisha."

"Basi kula zaidi. Nataka msimamizi mwenye mwili."

Adventina alipanda pikipiki akaendesha mpaka katikati ya mashamba, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hapo alisimama, akavaa kofia, akafunga kioo chake, akapiga ukelele ndani yake mpaka kioo kikafanya ukungu. Baadaye alikifuta akaenda kuzikabidhi fomu.

4

Siku ambayo Fausta alishuka mnara kwa mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na jua lilikuwa limeshapanda. Wenzake wote waliokuwa zamu waliomba saa mbili za mapumziko, na wasiokuwa zamu walikuja vilevile. Chini ya mnara namba kumi na tisa walikuwa wamejaa na ngoma mbili, kuku wa kienyeji sufuria nne, na ugali wa uwele uliofunikwa kwa majani. Gaspari, mume wa Adventina, ndiye aliyekuwa akigeuza kuku, akijidai hamlilii dada yake, akisingizia moshi.

Vipandio ishirini vya mwisho walivihesabu kwa sauti. "Tano! Nne! Tatu!" Kiatu cha Fausta kilipogusa ardhi, ngoma zililia, na Magdalena akamvua mkanda wa usalama akajivika kichwani kama kilemba.

Daktari Sekela naye alikuwapo, ameketi juu ya gurudumu la kebo na paja la kuku mkononi. Alimtazama Adventina mara moja, macho yakimwuliza. Adventina akaitikia kwa kichwa kwamba ataweza. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo.

"Sasa!" Fausta alipaza sauti. Pipa lililetwa. Alitoa kopo mfukoni, akaliinua juu, na vidonge vikalia ndani yake.

"Tupa! Tupa! Tupa!"

Adventina alipiga makofi pamoja na wenzake. Alitabasamu. Alisikia mashavu yake yakiuma kwa kutabasamu. Ila makofi yake yalikuwa yakiachana na ya wengine, yanachelewa, yanawahi, na alipojaribu kuyarudisha kwenye mdundo yaliachana zaidi, na ghafla akatambua kwamba Fausta ameshusha mkono na anamtazama.

"Subirini," Fausta alisema. "Nina neno na msimamizi wangu. Ngoma ziendelee."

Alimshika Adventina mkono, akampeleka nyuma ya kontena la zana. Ngoma ziliendelea, kwa kusitasita.

"Umeanza lini?" Fausta aliuliza.

"Kuanza nini?"

"Kunitazama hivyo."

Adventina alijaribu kusema hakuna kitu. Neno halikutoka. Badala yake yalitoka machozi, na alipoyafuta yakatoka mengine, na akajichukia kwa kila tone, kwa sababu kila tone lilikuwa linasema.

"Uliniambia nisikuambie," alisema hatimaye.

"Na usiniambie!" Fausta aliinua kidole haraka, kama mtu anayezuia mlango kwa mguu. "Usithubutu. Nyamaza hapohapo."

Juu yao panga la mnara lilipita, kivuli chake kikawafunika, kikawaachia.

"Ngoja nifikiri," Fausta alisema. Aliegemea kontena. Adventina aliona kifua chake kikipanda na kushuka, na akafikiri kwamba sasa amemuua, kama mama yake alivyouawa, na ameifanya kazi hiyo kwa makofi. Lakini Fausta alikuwa akilitazama kopo lililokuwa mkononi mwake, kwa uso wa fundi anayetazama boliti isiyoingia.

"Nilipokuwa najifunza kupanda," alisema polepole, "kiongozi wetu alikuwa chini na redio. Alikuwa anaona vitu ambavyo mimi sivioni. Upepo unaokuja, kamba iliyochakaa. Hakuwa ananiambia ameona nini. Angeniambia ningeganda pale juu. Alikuwa anasema tu, mguu wa kushoto, Fausta. Ngoja. Sasa kulia. Na nilikuwa nafika." Aliinua macho. "Sitaki habari, wifi. Habari baki nazo. Mimi nataka mguu. Nilitupe kopo hili, au nisilitupe?"

Adventina alivuta pumzi. Mambo yote aliyoyafikiri kwa wiki nne, uongo wenye sukari na ukweli wenye miba, hakuna hata moja lililofanana na swali hili dogo. Jibu lake lilikuwa ukweli mtupu, na halikuwa na zaidi ya lililoombwa.

"Usilitupe," alisema.

"Kidonge kimoja kama kawaida?"

"Kimoja. Usikinywe na njaa, tumbo lako tutalichunguza. Na kila mwaka mwezi wa sita uje hospitali upigwe picha. Usikose hata mwaka mmoja."

"Kimoja, nimekula, mwezi wa sita." Fausta alirudia kama anayepokea maelekezo redioni. Alisikiliza ndani yake, na Adventina akangoja kuona kama cherehani itafunikwa.

"Sawa," Fausta alisema. "Naona bado nataka kula kuku." Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa mshangao, halafu kweli, akamkumbatia Adventina mpaka mifupa ikalia. "Ulifikiri nitaanguka, ee? Na mimi nilifikiri hivyohivyo!"

Alitoka nyuma ya kontena, akasimama mbele ya wenzake. Ngoma zikanyamaza.

"Silitupi!" alitangaza. "Elieza anaoa mwanamke na kopo lake!"

"Kwa nini?" wakauliza wengi kwa pamoja.

"Sijui! Na sitaki kujua! Nimeuliza la kufanya, nimeambiwa la kufanya, basi."

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma, fundi umeme mpole ambaye hakuwa na kawaida ya kusema mbele za watu, akainua mkono kama yuko darasani.

"Kumbe inawezekana? Mimi niliweka alama kwenye usiniambie kwa sababu hapakuwa na kingine."

"Na mimi!" akasema mwingine.

"Daktari!" Magdalena aliita, mkanda ukimning'inia sikioni. "Kwa nini hamkuweka kisanduku cha tatu?"

Watu wote walimgeukia Sekela. Alimeza nyama aliyokuwa akiitafuna, akaifuta midomo. "Kwa sababu maelekezo yanasema," alijibu kwa unyofu. "Nikimwambia mtu anywe, atakisia. Nikimwambia asinywe, atakisia. Asiyepata maelekezo ndiye atakayejua yu salama, na aliyepata atakaa macho usiku kucha."

"Basi wape wote," Magdalena alisema.

"Wape nini?"

"Maelekezo! Hata mwenye chipukizi zuri kama Kisura wangu. Kila mtu apate karatasi. Huyu anywe, huyu asinywe, huyu anywe na aje mwezi wa sita, huyu aje mwezi wa kumi. Wapo mtakaowaambia wanywe kwa sababu ya mabega tu, na mtawaambia vilevile, kwa maneno yaleyale. Nani atakisia nini?"

Adventina alimwona Daktari akifungua kinywa kupinga, akakifunga, akakifungua tena. Kisha Sekela alimwaga mifupa kutoka kwenye sahani yake ya karatasi, akaipangusa kwa kiganja, akatoa kalamu, akaanza kuandika juu yake, huku mafuta ya alizeti yakisambaza wino.

"Rudia hapo kwenye mwezi wa kumi," alisema. "Na mwenye sahani safi anisaidie."

Ngoma zilianza upya, kwa nguvu zaidi.

Walipokuwa wakiondoka, Adventina alimfuata Sekela kwenye gari, akamnyooshea funguo za kitalu. "Nilishindwa," alisema. "Uso ulinishinda."

Sekela alizitazama funguo, asizipokee. "Ulishindwa, ndiyo. Kuanzia Jumatatu trei ya wifi yako itatunzwa na mtu mwingine, na wewe hutaiona tena. Hiyo nilipaswa kuifanya tangu siku ya kwanza, kosa hilo ni langu." Akawasha gari. "Hizo nyingine mia mbili na kumi na moja bado zinahitaji uji kesho asubuhi."

Adventina alitarajia kuumia. Alichokisikia, akirudi kwa Gaspari na masufuria yake, ni wepesi mabegani, kama mtu aliyevuliwa mkanda.

5

Siku tatu kabla ya harusi, karatasi mia mbili na kumi na mbili zilitoka kitaluni katika bahasha zinazofanana. Mia moja na arobaini kati yake ziliombwa na wanawake waliokuwa wameweka alama kwenye kisanduku kipya, kilichosomeka: *Usiniambie ulichoona. Niambie la kufanya.* Kwenye minara watu walizionyeshana kama tiketi za bahati nasibu. Kuna walioambiwa waendelee na kidonge, kuna walioambiwa wakiache, wapate dawa nyingine ya mabega. Walibishana, walitaniana, na hakuna aliyeweza kukisia.

Harusi ilifungwa Itigi Jumamosi, saa nne asubuhi, na ilipofika saa nane uwanja mzima wa nyumba ya Elieza ulikuwa vumbi na nderemo. Fausta alikuwa amevaa gauni la rangi ya asali. Alicheza na kila mtu, hata na wale waliomkimbia. Adventina, msimamizi wake, alikuwa ameketi kupumzisha miguu pale bwana harusi alipokuja akavuta kiti karibu naye. Elieza alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye makovu madogo ya nyuki shingoni.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia habari ya kile kisanduku. Ni kizuri kwake, nakiheshimu. Lakini mimi sikujaza fomu yoyote." Alisogea karibu zaidi. "Wewe unajua. Niambie mimi. Sitamwambia, nakuapia. Nataka tu kujua nina muda gani naye."

Adventina alimtazama. Alikuwa na uso wa mtu mwema, na swali lake lilikuwa la mtu anayependa. Wiki tatu nyuma lingemvunja. Kule uwanjani Fausta alikuwa amemshika Gaspari kiunoni, akimlazimisha kucheza mdundo asioujua.

"Shemeji Elieza," alisema, "kabla ya kidonge hakikisha amekula. Kila siku."

Elieza alingoja. "Hilo tu?"

"Na mwezi wa sita umlete hospitali Singida. Wewe mwenyewe, kila mwaka. Akikuambia ana kazi, mbebe."

Bwana harusi alimtazama kwa muda, akitafuta usoni mwake. Adventina akamwacha atafute. Hakuficha kitu, na hakukuwa na kitu cha kuokota, isipokuwa furaha aliyokuwa nayo mchana huo, ambayo ilikuwa ya kweli.

Polepole mabega ya Elieza yakashuka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa mzigo anaouweza.

"Mwezi wa sita ndio tunarina," alisema. "Tutakuja na ndoo mbili."

"Leteni tatu," Adventina alisema. "Kitaluni tuko wengi."

Elieza alicheka. Akainuka, akavua koti, akalitundika kwenye kiti chake, akaenda zake uwanjani kumchukua mke wake.